Mita 60 na kiwanja cha ufukweni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mwenye kiwanja, nyumba au shamba linalopakana na bahari Tanzania Bara, kuanzia Mkinga hadi Mtwara. Mwenye eneo kando ya ziwa au mto atakuta mengi yanamgusa pia, kwa sababu kifungu cha sheria kinachoweka katazo la mita 60 ni kilekile. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mazingira, kwa hiyo aliyenunua Paje au Nungwi asichukue namba za huku akaenda nazo kule. Na kama tayari uko mahakamani, haya yakusaidie kumuuliza wakili wako maswali mazuri, yasichukue nafasi yake.

Hizo mita 60 zimetoka wapi?

Zimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa mwambao wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina kifungu kinachokaribiana nacho. Kabla ya hizo mbili, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilishampa waziri wa ardhi uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhi hatarishi, na katika mifano yake inataja mikoko, matumbawe, ardhi oevu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au mwambao wa ziwa.

Kwa hiyo afisa akikuambia umevunja “sheria ya mita 60”, muulize kwa adabu ni sheria ipi. Swali hilo si la ubishi. Kila moja ina ofisi yake na utaratibu wake: ya mazingira iko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na maafisa mazingira wa halmashauri, ya maji iko kwa bodi ya maji ya bonde, ya ardhi iko wizarani. Tamko la ardhi hatarishi, kwa mfano, lina hatua za kuwataarifu wanaokalia eneo na kupokea maoni yao kabla halijakamilika. Kifungu cha 57 hakingoji tamko la mtu. Kinafanya kazi chenyewe.

Ina maana kiwanja changu si changu tena?

Bado ni chako, kwa kiasi kilekile kilivyokuwa chako jana. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ulichonacho ni haki miliki ya miaka 33, 66 au 99, yenye masharti. Kifungu cha 57 hakiifuti haki hiyo. Kinazuia baadhi ya mambo usifanye juu ya sehemu ya ardhi. Unaweza kuuza, kurithisha, kupanda, kuweka uzio mwepesi nyuma. Kiwanja kinachoanza ufukweni na kwenda mita 100 kuelekea barabarani kina mita 40 za kujengea. Cha mita 50 hakina hata moja, na hapo ndipo kilio kinapoanzia.

Kodi ya pango la ardhi inatozwa kwa mita zote za mraba, pamoja na zile usizoruhusiwa kuzijengea. Wengi huona ni dhuluma, na sijasikia hoja nzuri ya kuwajibu.

Zinapimwa kuanzia wapi?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na ndilo wenye viwanja wanaloliuliza mwisho, wakiwa wameshabandikwa X ya kubomolewa. Kifungu chenyewe kinataja umbali, hakichori mstari wa kuanzia. Kwa desturi wapimaji huanzia alama ya maji kujaa, yaani pale maji yanapofika wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, si pale yanapofika siku ya maji mafu, yaani maji madogo.

Tofauti yake si ndogo. Pwani ya Dar es Salaam, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Chukua ufukwe wenye mteremko wa moja kwa ishirini, yaani unashuka mita 1 kwa kila mita 20 unazotembea. Mita 3 za kupanda kwa maji hapo zinakuwa mita 60 za kwenda mbele na kurudi nyuma. Yaani sheria nzima inaweza kuingia katikati ya kupwa na kujaa. Anayepima kutoka maji yaliyopwa anakuambia uko salama. Anayepima kutoka bamvua anakuambia sebule yako iko ndani. Wote wawili wameshika futi zilizo sahihi.

Ndiyo maana mabishano mengi ya mita 60 kwa kweli ni mabishano ya mita sifuri. Ukitaka kujilinda, usingoje afisa aje na futi. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, aje siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, aweke alama ya maji yalipofika, na aionyeshe kwenye ramani pamoja na bikoni zako na tarehe. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Ukipima siku za maji mafu, karatasi hiyo haitasimama mbele ya mtu anayeijua bahari, na wavuvi wa diko la jirani wanaijua kuliko wewe na mimi.

Dalili nyingine za kuangalia ni mstari wa takataka na majani yaliyoachwa na maji, mahali mimea ya kudumu inapoanzia, na kwenye majabali, rangi ya mwamba inapobadilika. Majabali ni mfano mzuri wa ubovu wa kutumia namba moja kila mahali. Oysterbay na Msasani kuna sehemu ambazo nyumba zimekaa juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Kunduchi ni mchanga mtupu. Mita 60 juu ya mwamba na mita 60 juu ya mchanga hazikupi usalama uleule, lakini sheria inazihesabu sawa.

Nilipojenga nilikuwa mbali na maji. Bahari ndiyo iliyonifuata. Kosa langu nini?

Huna kosa, lakini huna mita pia. Mwambao haukai mahali pamoja, na mstari wa mita 60 unatembea nao. Aliyejenga akiwa mita 75 kutoka maji anaweza kujikuta yuko mita 50 bila kusogeza tofali.

Hili si jambo la kufikirika. Mbezi Beach kuna kituo cha daladala kinaitwa Africana. Jina lilitokana na hoteli iliyokuwa ufukweni, ambayo mmomonyoko ulichangia kuimaliza. Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye mivinje na mazalia ya kasa. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimekwenda. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Sababu ni kadhaa na zinasaidiana. Kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi huurudisha kiasi, na mito kama Mbezi na Tegeta ilikuwa ikiongeza mchanga mpya kila masika. Jiji likaanza kuuchimba mchanga huo mitoni kwa ajili ya tofali. Ufukwe ukabaki na matumizi bila mapato. Weka juu yake kupanda kwa kina cha bahari, na kuta ambazo kila mtu anajenga kivyake, na picha inakamilika.

Kisheria, linalokusaidia ni ushahidi wa tarehe: kibali cha ujenzi, ramani ya upimaji ya wakati ule, picha za angani za miaka ya nyuma, picha zako mwenyewe zinazoonyesha bikoni na maji kwa pamoja. Havitazuia bahari, ila vinaonyesha kuwa ulijenga kihalali, na hilo ni jambo tofauti kabisa na aliyejenga akijua.

Nina hati, na kiwanja niliuziwa na halmashauri yenyewe. Wanawezaje kunigeuka?

Wanaweza, na wamefanya hivyo kwa wengi. Hati inathibitisha kuwa unamiliki. Haithibitishi kuwa kila unachojenga kinaruhusiwa. Kosa la ofisi moja ya serikali haliwezi kufuta sheria iliyotungwa na Bunge, na mahakama haitaiambia NEMC iache kutekeleza wajibu wake kwa sababu afisa ardhi alisaini vibaya.

Lakini makosa hayo hayapotei hivihivi. Kama halmashauri ilipima, ikauza na ikakupa kibali cha kujenga mahali isipopaswa, madai yako yahamie kwake: urudishiwe fedha, upewe kiwanja mbadala, ulipwe hasara. Watu wengi hupoteza nguvu zote wakipigania ukuta usibomolewe, wakasahau kumdai aliyewauzia. Tunza kila risiti. Nakala ya mchoro wa mipango miji uliotumika kupima eneo lako ni ya thamani kubwa zaidi kuliko hati, kwa sababu ndio unaoonyesha kama eneo la wazi la ufukwe lilikuwa limetengwa na baadaye likakatwa viwanja.

Masharti ya hati yananitaka nijenge ndani ya miezi 36. Sheria ya mazingira inanikataza. Nimtii nani?

Andika barua. Mmiliki anayekaa kimya miaka mitatu anaonekana ametelekeza kiwanja, na kutoendeleza ni mojawapo ya sababu za kubatilishiwa miliki. Mmiliki aliyemwandikia Kamishna wa Ardhi kwamba sehemu ya kiwanja iko ndani ya mita 60 na anaomba masharti yabadilishwe, au muda uongezwe, ana kitu cha kuonyesha. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.

Nyumba ilijengwa miaka ya 1980. Sheria ya 2004 inanihusu?

Kanuni ya jumla ni kwamba sheria mpya hairudi nyuma kumwadhibu aliyefanya jambo likiwa halali. Nyumba ya zamani yenye kibali cha wakati wake ina hoja nzuri. Hoja hiyo inaanza kupwaya siku unapoongeza ghorofa, unapobomoa na kujenga upya, au unapobadili nyumba ya kuishi kuwa hoteli. Hapo unaomba kibali kipya, na kibali kipya kinapimwa kwa sheria ya leo. Aliyerithi nyumba ya namna hii atafakari kabla ya kuita mafundi.

Naweza kujenga ukuta wa kuzuia maji?

Siyo kwa uamuzi wako peke yako. Ukuta ni ujenzi wa kudumu, uko ndani ya mita 60 kwa lazima yake, na mara nyingi msingi wake unakaa nje ya bikoni zako, kwenye ardhi ambayo huna haki nayo. Unahitaji kupitia NEMC, tathmini ya athari kwa mazingira na halmashauri.

Watu hukasirika wakisikia hivyo. “Nyumba inaondoka, nisubiri karatasi?” Hasira hiyo ina haki yake. Ila ni vizuri kujua ukuta unafanya nini. Wimbi linapopanda ufukwe wa mchanga linachoka njiani na kuacha mchanga wake. Likigonga zege halichoki. Linarudi na nguvu zake, linachota mchanga ulio mbele ya ukuta na kuchimba chini ya msingi. Baada ya misimu michache una ukuta bila ufukwe. Na pale ukuta unapoishia, maji huzunguka pembeni na kumla jirani. Jirani naye anajenga wa kwake. Ndivyo safu ya nyumba inavyogeuka safu ya zege huku ufukwe walioununulia kiwanja ukiwa umekwisha.

Matuta ya mawe yanayoingia baharini kukinga mchanga, kama yale yaliyojengwa upande wa Kunduchi, yana tabia hiyohiyo kwa namna nyingine: upande mmoja mchanga unajaa, upande wa pili unakauka. Aliye upande unaojaa atakuambia ni dawa.

Serikali yenyewe imejenga kuta pale barabara na majengo ya umma yalipokuwa hatarini, Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam na Pangani pia. Hizo zilisanifiwa kwa kipande kizima cha mwambao. Funzo kwa wenye viwanja binafsi ni kwamba ombi la pamoja la majirani kumi, lenye mhandisi mmoja anayeujua mchanga unakotoka na unakokwenda, lina nafasi kubwa ya kukubaliwa kuliko maombi kumi. Pia linagharimu kidogo kwa kila mmoja.

Mifuko ya mchanga ya dharura? Maafisa wengi huivumilia. Kumwaga vifusi vya ujenzi ufukweni ni kosa, tena baya: nondo na vioo vinaishia miguuni mwa watoto.

Banda la makuti, ngazi za mbao, bustani, viti?

Neno la kushikilia ni “kudumu”. Kitu unachoweza kukiondoa kwa siku moja bila kuacha msingi wa zege kina hoja. Banda la makuti lenye sakafu ya vigae na choo cha shimo halina. Choo ndicho kinachowaponza wengi, kwa sababu uchafu unaingia kwenye maji yanayopita chini ya mchanga. Waziri mwenye dhamana ya mazingira anaweza kutoa miongozo ya shughuli zinazoruhusiwa ndani ya eneo hili, kwa hiyo uliza afisa mazingira wa halmashauri kwanza na upate jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo linahama na afisa.

Kupanda ndiyo shughuli isiyo na ugomvi. Acha majani yanayotambaa juu ya mchanga yakae, hata kama mtunza bustani anayaona magugu. Yanaushika mchanga kuliko ukoka wa kununua.

Mbele ya kiwanja kuna mikoko inaniziba upepo. Naweza kukata michache?

Hapana. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu tangu enzi za Mwingereza, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuikata bila kibali ni kosa hata kama imeota ndani ya bikoni zako. Na mikoko inayokuziba upepo leo ndiyo inayokukinga na wimbi kesho.

Watu wanapita mbele ya nyumba yangu usiku na mchana. Naweza kuziba?

Hili lina pande mbili na nitasema ninayoona. Ufukwe unaofunikwa na kufunuliwa na maji si sehemu ya kiwanja cha mtu. Wavuvi wanashusha ngalawa hapo, wanawake wanakwenda kwenye mwani na kuokota chaza maji yakipwa, watoto wanacheza mpira jioni. Walikuwepo kabla ya hati. Mwenye nyumba anayeshusha ukuta mpaka majini hajilindi na wezi tu. Anawakata watu hawa njia, na maji yakijaa hawana pa kupita isipokuwa baharini.

Njia za kwenda ufukweni zilizochorwa kwenye mipango miji ni suala hilohilo. Nyingi zimemezwa kidogo kidogo: mmoja anaegesha gari, mwingine anaweka geti, wa tatu anapanda maua, na baada ya miaka kumi mtaa mzima una lango moja la kwenda baharini nalo ni la hoteli. Njia iliyo kwenye mchoro haifi kwa kuzibwa. Serikali ya mtaa inaweza kudai ifunguliwe, na diko lenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, lina mahali pa kupelekea malalamiko.

Upande wa pili: usalama wako ni haki. Uzio ndani ya bikoni, nyuma ya mita 60, hakuna wa kukukatalia. Kelele za muziki usiku, mabanda ya pombe yanayoota mbele ya nyumba, takataka za sikukuu, hayo yapeleke halmashauri. Yana sheria ndogo zake. Usiyachanganye na mvuvi anayepita na nyavu saa kumi alfajiri.

Wakinibomolea, nitalipwa fidia?

Inategemea wanakuita nani. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza kunyang’anywa bila kufuata sheria inayoweka fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka: thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, hasara ya faida au ya makazi. Ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita inabeba riba. Yote hayo ni kwa ardhi inayotwaliwa.

Anayeitwa mvamizi au mvunja sheria haingii humo. Bonde la Msimbazi limeonyesha nyuso zote mbili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi walipewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 na Januari 2016 ikaja bomoabomoa, watu wakatoka na magodoro kichwani, hoja ya serikali ikiwa kwamba walikuwa eneo lisiloruhusiwa. Miaka michache baadaye, Mradi wa Bonde la Msimbazi ukiwa na mkopo wa Benki ya Dunia na masharti yake, wakazi waliopaswa kupisha walithaminiwa na kulipwa. Bonde ni lilelile. Kilichobadilika ni kama serikali inatekeleza katazo au inahitaji ardhi kwa mradi.

Kwa hiyo ukisikia eneo lako la ufukwe linapangiwa barabara, bandari au bustani ya umma, usikubali kuandikwa kama mvunja mita 60. Mwite mthamini aliyesajiliwa mapema, kabla tetesi hazijashusha bei.

Hoteli ya jirani imeingia mpaka majini na hakuna anayeigusa. Mbona mimi?

Swali hili linaulizwa kila mkutano wa mtaa. Huenda hoteli ina cheti cha mazingira chenye masharti yake. Huenda ilijengwa kabla ya sheria. Huenda ina ukaribu na wakubwa. Cheti na tathmini yake ni nyaraka ambazo mwananchi anaweza kuomba kuziona NEMC. Omba. Ikiwa hakuna, peleka malalamiko kwa maandishi. Lakini mahakamani, “mbona yeye” haikuokoi wewe. Kinachosaidia ni kuonyesha kuwa utaratibu ulirukwa kwako: hukupewa notisi, hukusikilizwa, hakuna vipimo vilivyochukuliwa.

Niko Muscat. Ndugu yangu ameniletea kiwanja cha ufukweni Kigamboni au Bagamoyo kwa bei nzuri. Niangalie nini?

Bei nzuri ya ufukweni iangalie mara mbili. Kabla hujatuma hela, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa na kama kuna zuio au rehani. Omba namba ya ramani ya upimaji, kisha mpima wako, si wa dalali, aende na kifaa na kuzitafuta bikoni. Mara nyingine bikoni za mbele zimeshakuwa baharini. Mwambie akuambie mita ngapi za kujengeka zinabaki nyuma ya mstari, na bei uihesabu kwa hizo tu. Picha za video anazotuma dalali huchukuliwa maji yakiwa yamepwa. Ufukwe wote huonekana mpana. Dai ya siku ya bamvua.

Kama umechukua uraia mwingine, pita kwa wakili kwanza, kwa sababu umiliki wa ardhi kwa asiye raia una masharti yake. Na hati ya uwakilishi unayompa ndugu iandike mipaka: anunue kipi, kwa kiasi gani, asiuze.

Wenzetu wa nchi jirani wanafanyaje?

Kenya, Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaiweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na kupwa kuwa ya umma, jambo ambalo kwetu tungefaidika likiandikwa wazi namna hiyo. Kanuni zao za upimaji zinataka ardhi ya serikali inayopimwa kando ya bahari iachiwe kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Wameutaja mstari wa kuanzia, unaona. Ugumu wao uko kwenye hati za zamani za ukanda wa pwani wa maili kumi, zilizotambuliwa tangu sheria ya 1908, kabla kanuni hizo hazijaota.

Uganda, kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kwa maziwa makubwa, Victoria likiwemo. Ziwa ni hilohilo, mvuvi wa Bukoba ana 60 na wa Masaka ana 200. Burundi imeweka mita 150 kwa Ziwa Tanganyika. Namba hizi hazikutoka hewani: Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya kina iliyokuwa imedumu tangu 1964, na Tanganyika nalo likaingia mitaani Bujumbura na Kigoma. Wa maziwani wana tatizo ambalo sisi wa baharini hatuna: maji yao yakipanda hayarudi baada ya saa sita.

Nimebandikwa X na notisi ya siku chache. Nifanye nini leo?

Piga picha ukuta, X, notisi na tarehe. Angalia notisi imetoka ofisi gani, imetaja kifungu gani, imekupa siku ngapi, na kama imesema umepimwa umbali gani kutoka wapi. Ikiwa haisemi umbali, hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza: jibu siku hiyohiyo kwa barua ukiomba vipimo na nafasi ya kusikilizwa. Nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na NEMC. Mwite mpima.

Tatizo ni siku. Ukitaka kuishtaki serikali au halmashauri unatakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kwanza, na tingatinga halina siku 90. Mawakili wetu huomba zuio la muda Mahakama Kuu wakati taarifa hiyo ikisubiri kuiva. Wenyewe huliita zuio la Mareva. Hakimu mkali wa muda ni wewe mwenyewe: ombi likipelekwa asubuhi ya siku ya kubomoa, mara nyingi linasikilizwa vifusi vikiwa chini. Toa vitu vya thamani ndani hata kama wakili anakuahidi ushindi, na bikoni zisiguswe na mtu, wala fundi wako wala mwendesha tingatinga.